Fundi wa Kitu Kimoja

Fundi hakuwahi kuniambia pole. Zaidi ya miaka kumi nilimpelekea gari, na kila nilipomweleza shida yangu alinisikiliza huku akitazama matairi, kisha akauliza neno moja: "Umejuaje?" Ukimwambia injini imechoka, umejuaje. Ukimwambia dereva ameharibu gari, umejuaje. Mimi ni mwanamke ambaye nikisema nimesema. Nimelea watoto sita, na wajukuu wangu hunyamaza wakisikia kandambili zangu mlangoni. Hakuna aliyezoea kunihoji. Yeye alinihoji kando ya barabara, mbele ya wauza mahindi, na kichwa chake bado kiko ndani ya injini.

Nieleze kwanza hilo gari, maana bila gari hamtamwelewa Fundi. Sisi wanawake wa Majengo, hapa Pumwani, tuna chama cha upishi. Kukiwa na arusi, matanga au maulidi, tunaitwa na masufuria yetu, yale ambayo mtoto anaweza kusimama ndani usimwone. Mimi ni mwenyekiti. Masufuria kama hayo hayabebwi kichwani, kwa hiyo tulinunua gari la boksi, viti safu mbili mbele, vyombo nyuma. Dereva wetu alikuwa Mwanaidi, msichana wa Mathare, mama wa watoto wawili, mume alishaenda zake. Usukani ule ndio uliokuwa sahani ya watoto wake. Nasema hivyo mapema ili mjue kilichokuwa mezani. Si chuma tu kilichokuwa kinaumwa.

Fundi alifanyia kazi kando ya ukuta wa godauni, ukielekea Baba Dogo. Hakuwa na kibao wala paa, ila turubai la bluu na msumari mmoja ukutani alikotundika shati lake safi. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, Mkristo wa kanisa la asubuhi sana. Jumapili hakushika spana, lakini alikuja "kutazama tu", na alitazama kuanzia saa nne mpaka jua likazama. Mrefu, mkavu, masikio makubwa. Alitembea upesi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alifanya kazi polepole kuliko wote. Sijui mwendo ule wote ulikuwa unaishia wapi akishafika.

Alikuwa na kanuni moja iliyowakera watu wote: alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukimletea gari linalotoa moshi, mafundi wengine watabadilisha filta, plagi na oili, vyote kwa siku moja, na wewe unaondoka ukifurahi. Fundi angebadilisha filta, akakurudishia funguo, akasema, "Nenda ukae nalo siku tatu." Ukimuuliza mbona asimalize yote, alikujibu, "Nikibadilisha matatu na likapona, nitakuwa nimejifunza nini? Nitajua limepona. Sitajua lilikuwa linaumwa nini." Halafu alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaandika juu ya kioo cha mbele, upande wa abiria, kile kitu kimoja alichogusa. FILTA TU. OILI TU. PLAGI TU. Na alikukataza kufuta mpaka urudi. Kwa hiyo Eastlands nzima ukiona gari limeandikwa sabuni kiooni, ulijua limetoka ukutani kwake. Makanga wa matatu walimcheka. Walimwita Mwalimu Tu. Hakujali. Au alijali, mimi sikuwa namwona usoni.

Siku moja alikosea. Alimwambia mwenye teksi kwamba rejeta yake imekufa, mtu akanunua nyingine, na gari likaendelea kuchemka vile vile. Kumbe ilikuwa ni feni. Fundi alimwita yule mtu, akachukua sabuni, akaandika kwa herufi kubwa kiooni: FUNDI ALIKOSEA. Yule wa teksi akaona ni kichekesho, akakataa kufuta. Wiki nzima alizunguka mjini na maandishi yale, na watu wakawa wanakuja kumuuliza Fundi kama ni kweli. Alikuwa akijibu, "Ndiyo. Ilikuwa feni," kisha anaendelea na kazi.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo mchafu kwa watu wenye magari makubwa. Jioni alicheza drafti kwa vifuniko vya soda na alishindwa kila siku, na kila siku alisema mwenzake amesogeza kifuniko wakati yeye anakohoa. Mtu huyo huyo anayekuambia subiri siku tatu hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliimwaga kwenye sahani, akainywa ikitoa moshi, akaungua ulimi, akatukana, kesho yake akafanya hivyo hivyo. Nilimwambia, "Fundi, wewe unapima joto la kila kitu isipokuwa chai." Akasema chai haina geji.

Sasa hilo joto. Gari letu lina saa mbili za kupimia joto mbele ya dereva. Moja ni ya maji, nyingine ni ya oili ya injini. Hiyo ya oili hakuna aliyewahi kuitazama mpaka alipokuja Mwanaidi. Siku moja tunarudi kutoka matanga, akaegesha gari kando, akazima.

"Nyanya," akaniambia, "maji yako sawa, lakini oili imepanda. Imepita mia na arobaini. Kawaida inakaa kwenye mia, mia na kidogo. Tungoje ipoe."

Tukangoja, jua la saa nane juu yetu, masufuria yananuka kitunguu. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Tukafika arusini mchele wa watu haujaoshwa, na bwana arusi yuko mlangoni anatutazama. Hapo ndipo wanawake walipoanza kunong'ona kwamba gari halikuwa na ugonjwa wowote mpaka msichana huyu alipoanza kuutaja.

Mama Shamsa, katibu wetu, hanong'oni. "Mbona wengine waliliendesha na halikuchemka?"

"Hawakuwa wanatazama," Mwanaidi akajibu.

Jibu la kweli, lakini halikumsaidia.

Ningempelekea Fundi siku ile ile, mambo yangekwisha. Sikumpelekea. Mwaka wa nyuma alilikalia gari letu siku nne, mpaka tukakodi mkokoteni kupeleka vyombo kwenye maulidi, na mimi aibu hiyo sikuisahau. Nikapeleka kwa wengine. Wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisema injini ifunguliwe yote. Wa pili aliuliza dereva ni nani, nikamwonyesha Mwanaidi, akamtazama kutoka juu mpaka chini na kusema, "Huyu anakaa na gia ndogo. Injini inalia, oili inachemka. Wanawake wengi ndivyo wanavyoendesha." Mimi mwanamke, nikamwamini. Hilo nalo niliandike.

Tukaketi kikao nyumbani kwangu. Mama Shamsa alikuwa na mpwa wake, Kassim, kijana wa leseni safi, anangoja kazi. Sikulazimishwa na mtu. Nilisema mwenyewe, "Mwanaidi, weka funguo."

"Nyanya, mimi ndiye niliyewaambia. Ningenyamaza injini ingekuwa imeshakufa."

"Nimesema weka funguo."

Akaziweka juu ya mkeka. Hakulia. Alikunja ile leso yake, akaikunjua, akaikunja tena, akatoka.

Baada ya hapo ndipo nikampelekea Fundi gari, ili Kassim aanze na chombo kizima. Sikumwambia habari za Mwanaidi. Nilimwambia tu kwamba oili inachemka, injini imechoka.

"Umejuaje?"

"Geji inasema."

"Geji imesema oili ina joto. Haijasema injini imechoka. Hiyo umesema wewe. Liache hapa lilale."

Asubuhi yake nilifika mapema nikamkuta amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, hajawasha. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia magotini. Amezungusha ufunguo nusu, anatazama saa ya oili. "Asubuhi, kabla ya kuwasha," akaniambia, "oili haina joto lake. Ina joto la hewa. Sasa sisi tumevaa sweta. Geji ikiniambia hamsini, basi geji ni mwongo na shida ni waya. Hii inasema kumi na tano. Bado sijamkamata kwa uongo."

Kisha akapakia mawe nyuma badala ya masufuria, akazunguka na gari mtaani saa nzima, akarudi, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Mahali pake akateremsha kipimajoto chenye waya mrefu, akasoma, akalinganisha na geji. Zikakubaliana. "Basi ni kweli," akasema. "Oili inachemka. Hapo sasa ndipo ugonjwa unaanza. Huko nyuma tulikuwa tunajua umbea."

Nilikuwa nimekalia tairi. Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Jumamosi tuna arusi, na mtu huyu anafuta kijiti kwa kitambaa, anakitazama kama anasoma barua. Oili haikuzidi wala kupungua. Akaisugua kati ya vidole, akainusa: haijaungua, ni ya aina inayotakiwa. Akagusa mabomba kwa mgongo wa mkono. Nikamuuliza mbona hatumii kiganja. Akasema kiganja cha fundi kilishakufa zamani, hakijui moto wala baridi.

Halafu akatandika gunia, akaingia chini. Nikasikia akigonga chuma.

"Mama."

"Naam."

"Nani ameweka hili bamba?"

Nikajua anasema nini. Sisi watu wa mitaa hii ni watu wa kufunga. Mlango wangu una kufuli tatu, mfereji wa maji wa nje una kufuli, hata taa ya barazani iko ndani ya kizimba cha chuma. Gari lilipokatwa kipande cha bomba la moshi na wezi, sisi tuko jikoni tunapika, nilikwenda kwa mchomeleaji nikamwambia anifungie chini kote, kuanzia bampa ya mbele kurudi nyuma. Akaweka bamba zito la chuma, kwa bolti. Yule kijana aliniuliza, "Mama, niache matundu?" Nikamjibu, "Matundu ya nini? Ya panya?"

Nikamweleza Fundi. Akatoka chini, usoni ana matope.

"Wewe ni mpishi," akasema. "Oili inakaa kwenye bakuli, chini kabisa ya injini. Upepo wa njiani ukipita pale ndio unaoipoza. Wewe umelifungia bakuli jikoni, ukaziba dirisha, ukaziba na upenyo wa chini ya mlango. Likichemka unashangaa."

"Lakini tulikaa miezi na bamba hilo."

"Geji iliangaliwa?"

Nikatazama matairi.

Akafungua bamba. Likaanguka na matope yaliyokauka kama mkate. Akarudi mtaani na gari saa nzima, mawe yale yale nyuma, akaja na kipimajoto chake: mia na tano. Akachukua sabuni akaandika kiooni, BAMBA TU, akaenda kunawa mikono mferejini.

Na mimi nilifanya nini? Nimelisema jambo hili kwa sheikh, nimelisema kwa dada yangu, sasa naliandika. Nilimpigia simu Kassim aje achukue gari. Nikachovya pembe ya leso yangu kwenye ndoo ya Fundi, nikafuta yale maandishi. Nilijiambia sifuti ukweli, nafuta uchafu kwenye kioo. Kassim akafika anarusha mabega.

"Niaje, shosho. Dinga iko fiti?"

"Usiniite shosho. Sema nyanya, sema gari. Endesha."

Wiki tatu. Mshale wa oili haukupanda hata siku moja. Tulikwenda Mathare, tukaenda Baba Dogo mara mbili, na mshale umelala. Na kila mtu akaona kile alichotaka kuona: Mwanaidi ameondoka, gari limepona. Mama Shamsa alilisema jambo hilo katika kila jiko tulilowasha. "Injini haikuwa na kitu. Ni mkono wa mtu." Maneno ya jikoni yana miguu. Mwanaidi akaenda kuomba kazi kwa mwenye kusambaza mikate Baba Dogo, akaulizwa, "Wewe si ndiye uliyetaka kuua gari la wapishi wa Majengo?" Akaenda kwa mwingine, swali lile lile. Nikasikia anafua nguo za watu.

Nilishindwa kukaa. Nikichagua mchele, nilitoa mawe nikayatupa tena ndani ya mchele. Usiku usingizi, mchana sala, vyote vinanipita. Nilikuwa najiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa inapita. Mwenyekiti wa miaka yote hiyo asimame aseme ni yeye? Na bamba nililoagiza kwa kelele, mbele yao, huku nikiwacheka kwamba wao hawajui kulinda mali?

Nikaenda kwa Fundi. Kusema kweli nilikwenda nikitaka aseme yeye. Nilimkuta anamwaga chai kwenye sahani, chini ya turubai.

"Habari, Mama. Yule binti wa kutazama geji yuko wapi? Sijamwona akipita."

Nikamweleza. Yote, mpaka kwenye leso. Sahani akaishikilia hewani, hakuinywa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona chai ikipoa mkononi mwake.

"Umebadilisha vitu vingapi?"

"Bamba."

"Na nini tena?"

"Na dereva."

"Na maandishi yangu."

"Na maandishi yako."

"Wiki moja, vitu vitatu." Akaweka sahani chini. "Mama, hata makanga hawajawahi kunifanyia hivyo."

"Basi njoo uwaambie. Wewe wanakuheshimu."

"Nikiwaambia mimi, watasema fundi anamtetea msichana. Ukiwaambia wewe, watasema Mwenyekiti ana huruma, mtu mzima amelainika. Umejuaje, watakuuliza. Utawajibu nini?" Akaashiria ukutani. Bamba langu lilikuwa limeegemea pale. "Turudishe hili. Dereva awe huyo huyo wa sasa. Tusiguse kingine. Halafu waite wote wapande."

"Na injini ikiharibika?"

"Nitakuwepo. Ikifika mia na thelathini tunazima."

Jumamosi tulikuwa na arusi Baba Dogo. Fundi alikuja Majengo alfajiri, akafunga bamba kwa bolti, akaandika kiooni, BAMBA TU, akaingia nyuma akaketi kati ya masufuria, magoti mdomoni. Wanawake wakauliza huyu anakwenda wapi. Nikasema anakwenda kula pilau. Mama Shamsa akakaa mbele karibu na mpwa wake, mimi nyuma yao, wapishi wengine wanne wamebanana kando yangu.

Tulipotoka mshale ulikuwa chini. Nikamwambia Kassim, "Leo nataka usome saa ya oili kwa sauti, kila nikikuuliza."

"Ah, shosho, hiyo ilishaisha."

"Soma."

"Themanini."

Tukapita sokoni. "Soma." Mia. Tukafika pale ambapo malori yanaingia viwandani na magari yote yanakwama. "Soma." Mia na kumi na tano. Kassim akaacha kutafuna chingamu yake ya bazoka. Mwanamke mmoja kando yangu akaanza kunyoosha shingo.

"Soma."

"Mia na ishirini na tano. Shosho, hii kitu inapanda."

"Kassim," akasema Mama Shamsa, "punguza mwendo, mwanangu. Unaikimbiza."

"Shangazi, tumesimama."

Mmoja wa wapishi akacheka, akaziba mdomo kwa buibui. Mama Shamsa akageuka akanitazama, kisha akatazama kioo, yale maandishi ya sabuni yanayosomeka kinyume kutoka ndani. Akayasoma polepole, midomo ikitembea.

"Bamba gani?" akauliza.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Ilinitoka yote kichwani. Nikasema, "Lile nililoagiza mimi. Fundi alilitoa siku ile ile Kassim alipoanza. Ndiyo maana oili ilitulia. Na kioo kiliandikwa, nikafuta. Mwanaidi hakufanya kitu."

 Nje muuza maji akagonga dirisha, akaona nyuso zetu, akaenda zake.

"Mia na thelathini," Kassim akasema, safari hii bila kuulizwa.

"Zima," ikasema sauti ya Fundi kutoka kwenye masufuria. "Egesha pale."

Tukaegesha kando, mbele ya karakana ya vitanda. Tukateremka wote. Fundi akatandika gunia lake, akangoja chuma kipoe kidogo, anatembea huku na huku kwa ule mwendo wake, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, kisha akaingia chini. Simu ya wenye arusi ikaanza kulia. Mchele uko wapi, nyama iko wapi. Mama Shamsa akawajibu tunakuja, tunakuja, kisha akanivuta kando.

"Sawa, Mwenyekiti," akasema taratibu. Sijawahi kumsikia akisema taratibu. "Tumeona. Kesho kutwa tumwite huyo msichana tuzungumze naye, mambo yaishe kimya."

Kutoka chini ya gari sauti ikauliza, "Kesho kutwa?"

 Spana ikaendelea kulia kwenye bolti za bamba. Mimi nilikuwa nimesimama pale, watu wanapita na vitanda vichwani, wanawake wangu wote wanatazama chini. Nikajua nikienda mpaka kesho kutwa, nitakwenda mpaka mwaka ujao. Nikatoa simu yangu, nikampa Kassim anitafutie jina, maana macho yangu na herufi ndogo havipatani. Nikamwambia aweke spika.

Ikalia muda. Akapokea. Nyuma yake nilisikia maji yakimwagwa kwenye karai.

"Mwanaidi. Ni mimi."

"Shikamoo, Nyanya."

Sikuitikia ile shikamoo. Niliona sistahili. Nikasema, "Gari lilichemka kwa sababu ya bamba nililoweka mimi. Si mkono wako. Nilijua tangu wiki ile uliyoondoka, nikanyamaza. Nimekukosea, na jina lako nimelichafua. Usukani ni wako, ukiutaka."

Maji yakaacha kumwagwa. Nikadhani simu imekatika, nikamtazama Kassim, Kassim akaitikia kwa kichwa kwamba bado yupo.

"Nyanya," akasema, "hao wengine wako hapo?"

"Wako."

"Wanasikia?"

"Wanasikia. Mama Shamsa yuko hapa. Wote wako hapa."

"Basi rudia."

Mimi, mwanamke ambaye akisema amesema. Nikatazama barabara yote ya Baba Dogo, wenye karakana wameacha misumeno wanasikiliza, na nikarudia. Neno kwa neno, na kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilipomaliza, Mwanaidi akasema atafika Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, akakata.

Mkono ukajitokeza chini ya gari, mweusi mpaka kwenye kiwiko, umefunguka.

"Kumi na nne," Fundi akasema. "Iko kwenye mfuko, upande wako."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaitafuta ile spana, nikampa.